Mlango Uliotoa Jasho

Friji ile ilifika kwetu, mtaa wa Umoja, Nairobi, ikiwa imelazwa chali juu ya lori la mume wangu, imefunikwa turubai na kufungwa kamba juu na chini. Watoto waliokuwa wakipiga mpira wa makaratasi pale nje waliacha mchezo wakaja kutazama ikiteremshwa. Mmoja akauliza, "Nani amekufa?" Wenzake wakaangua kicheko. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni amejifunga leso kifuani, hakucheka. Aligeuka akaingia ndani, na alipotoka tena alikuwa amenawa uso.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, msimu wa mvua ndefu. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa. Alipakia mizigo Mombasa akavuka nayo mpaka, na kila safari ilimtoa nyumbani kwa majuma. Friji aliipata kwenye hoteli moja ya barabarani iliyokuwa ikifunga biashara. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyochacha, mabega ya mviringo, na kipini cha mlango kilikuwa cha chuma kizito kama cha gari la zamani. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umevunjika. Mume wangu alisukuma kipande cha tofali pale chini, akaitikisa kidogo, akasema, "Imekaa." Kesho yake alfajiri akaondoka na lori lake.

Tukabaki wawili ndani ya nyumba, mimi na mama yake. Mimi nilifundisha watoto wadogo katika shule ya chekechea ya kanisa, kazi iliyoisha adhuhuri, na nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mama mkwe alikuwa mgeni wa Nairobi. Maisha yake yote aliyaishi kijijini, upande wa Machakos, kwenye shamba lenye mawe mengi kuliko udongo. Mumewe ndiye aliyekuwa mtu wa mjini. Alikuwa mchonga vinyago, na mwisho wa mwezi alirudi nyumbani na gunia la vinyago vibichi ambavyo mama huyu alivisugua kwa msasa na kuving'arisha kwa rangi ya viatu mpaka vikateleza mkononi. Kiangazi cha mwaka ule mzee alianguka akiwa kazini, na hospitalini hakumaliza hata siku. Tulimzika kijijini. Baadaye mume wangu akamleta mama yake kwetu ili, kwa maneno yake, "apunguze mawazo."

Mawazo hayakupungua. Alikuwa mwanamke mtaratibu, hakunisumbua kwa lolote, alichagua mchele, alifua, alinilazimisha kulala mchana kwa sababu ya mimba. Lakini mara kwa mara alinyamaza katikati ya neno, akainua kichwa kama mtu anayesikia akiitwa kutoka nyumba ya pili.

Jiko letu lilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja na soketi moja tu ya stima, kwa hiyo friji ilisimama pembeni ya stovu, imebanwa na ukuta. Sikuwa nimewahi kuishi na friji. Nilishangaa kwamba ilikuwa na tabia. Ilikaa kimya, kisha ikagutuka, ikanguruma, ikatetemeka mpaka vikombe vikagongana juu yake, halafu ikanyamaza ghafla. Ulipoufungua mlango ulivuta hewa kama mtu anayevuta pumzi. Ulipoufunga haukushika sawasawa, bali ulitulia polepole kwa mlio mdogo, kama mtu anayeshusha pumzi aliyokuwa ameizuia.

Siku niliyoyaona maji kwa mara ya kwanza nilikuwa nimerudi kutoka shuleni nikiwa nimelowa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na jikoni sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ilikuwa ikichemka tangu nilipotoka. Madirisha yalikuwa na ukungu. Mlango wa friji ulikuwa umejaa matone pembeni, kwa nje, kuuzunguka wote kando ya ile raba inayoziba mlango, madogo madogo kama yanayotokea juu ya mdomo wa mtu mwenye homa. Nilipokuwa nikiyatazama, tone moja lilinenepa, likamezana na jingine, likatiririka mpaka chini. Kwenye sakafu palikuwa na kidimbwi tayari. Nilichukua kitambaa nikapangusa mlango wote mpaka ukakauka. Kabla chai yangu haijachemka, matone yalikuwa yamerudi pale pale.

Nikaweka kitambaa sakafuni, nikafikiri ni mambo ya friji mpya kwenye nyumba ngeni. Lakini kesho yake yalikuwapo, na kesho kutwa.

Jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mcheshi kutoka magharibi ya Kenya ambaye mumewe alifanya kazi kiwandani, alikuja siku moja kuomba tumhifadhie samaki wake. Aliusogelea mlango, akaupitishia kidole.

"Woi! Dada, hii friji yako iko na homa? Si unaona vile inatoa jasho kama mgonjwa?"

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda na ungo wa mchele mapajani. Mkono wake ulisimama.

"Umesema nini?"

"Nasema tu, Mama. Naona jasho."

"Na wewe unaona?" Mama mkwe aliuweka ungo chini. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Jirani alinitazama, nami nikamtazama. Aliingiza samaki wake, akaaga haraka, na jioni ile hakurudi kuwachukua. Alimtuma mumewe.

Tangu siku ile niligundua kwamba nikirudi mchana namkuta mama mkwe mahali pamoja. Kigoda chake kilikuwa kimehamia mbele ya friji. Mapajani alikuwa na beseni dogo na leso nyeupe ya kiume, na alikuwa akiupangusa ule mlango. Hakusugua kama mtu anayesafisha. Aligusa tu, akabonyeza kidogo, akainua, akagusa tena mbele kidogo, kama unavyompangusa mgonjwa paji la uso. Alikuwa akisema naye kwa Kikamba, sauti ya chini, maneno ya kawaida kabisa ya mke kwa mumewe, kwamba mbuzi amezaa, kwamba paa la ghala linavuja. Leso ilipolowa aliikamua ndani ya beseni. Maji yale hakuyamwaga kwenye sinki. Alitoka nayo nje mvuani, akayamwaga polepole chini ya ua wa michongoma, akarudi akakaa.

Nilisimama pale na viatu vyangu vya matope nisijue kama niingie au nirudi nje.

Halafu nikaanza kuukuta mlango umeachwa wazi kidogo, upana wa kidole hivi. Taa ya ndani ilikuwa ikiwaka, na mstari mwembamba wa mwanga wa manjano ulikuwa umelala sakafuni ukikata jiko katikati. Hewa ya baridi ilikuwa ikitoka pale, unaihisi vifundoni.

"Mama, mlango umebaki wazi," nilimwambia.

"Nimeuacha mimi. Alikuwa anakosa hewa."

"Nani, Mama?"

Aliugeukia mlango. "Maziwa," akasema.

Kusema kweli niliogopa. Niliogopa kuwa naye ndani, na niliogopa kumwacha peke yake. Shuleni nikiwaimbisha watoto nilikuwa nikimwona ameketi mbele ya kile kitu cheupe kinachonguruma. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu: siku moja asubuhi, nikiwa peke yangu jikoni, friji iligutuka, ikanguruma, ikanyamaza, na katika ule ukimya nilijikuta nimesema, "Pole, Baba." Nilisikia sauti yangu mwenyewe. Nikashika sinki.

Ndipo nilipoamua kuitengeneza. Mume wangu alikuwa mbali na hapakuwa na simu ya kumpigia. Nilianza na kipande cha gazeti. Nilikibana kwenye mlango, nikafunga, nikakivuta. Juu kilishika. Pembeni kilishika. Chini, upande wa bawaba, kilitoka bila upinzani wowote, kama hakuna mlango. Nilipiga magoti nikaangalia. Ile raba ilikuwa imekakamaa pale kwenye kona na kulala bapa, mikunjo yake imejaa uchafu mweusi wa miaka ya hotelini. Baridi ilikuwa ikivuja pale usiku na mchana, ikipoza bati la nje, na jiko letu lililojaa mvuke lilikuwa likiipa bati hilo maji ya kutosha. Tena friji yenyewe ilikuwa imeinama mbele kwa sababu ya lile tofali, kwa hiyo mlango ulipenda kufunguka badala ya kufunga.

Mama mkwe aliniangalia nikitoa vitu vyote na kuchomoa waya.

"Ukimaliza, itaacha kutoa jasho?"

"Itaacha, Mama."

Alikiondoa kigoda chake, akaenda chumbani, akalala ameelekea ukuta.

Nilimwita jirani na mumewe. Yeye mume aliinua upande wa mbele, mkewe akavuta lile tofali, mimi nikaingiza kigogo cha mbao nilichokikata kutoka kwenye sanduku la matunda, kinene kuliko tofali, ili friji iegemee nyuma kidogo na mlango ujifunge wenyewe. Tukaisogeza mbali na stovu na kuiachia nafasi nyuma. Waya wa stima ulifika kwa shida. Walipoondoka niliiosha raba kwa maji moto na sabuni, nikaingiza mswaki wa zamani kwenye kila mkunjo. Nilipofika kwenye ile kona mbaya nililowesha kitambaa kwenye maji ya kuchemka, nikakibana juu yake, nikarudia na kurudia mpaka raba ikalegea na kuanza kukumbuka umbo lake. Nyuma yake nilisokota uzi wa sufu, uliobaki nilipofuma sweta ya mtoto, ili iinuke. Mwisho nikaipaka yote mafuta ya mgando kidogo, yale ya kujipaka, isikauke tena. Nikapunguza kile kitufe cha baridi, maana kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho. Nikafungua dirisha, nikafunika sufuria.

Nilipofunga mlango ulishika kwa mlio mfupi, mzito. Kipande cha gazeti hakikuvutika, kilichanika.

Kesho yake niliporudi ulikuwa mkavu. Nilipitisha kidole kuuzunguka wote, na kidole kilitoka kikavu. Nilifurahi, nikageuka kumwonyesha mama mkwe, nikamkuta amesimama nyuma yangu, leso mkononi, hana cha kupangusa.

"Amekauka," alisema.

Siku ile hakula. Siku ya pili alikunywa chai ya rangi tu. Alikuwa akipita karibu na friji na kuuwekea mlango kiganja, akisubiri, kisha akiangalia kiganja chake. Nilimwambia, Mama, ni kona ilikuwa inavuja, mwenyewe uliniona. Alikubali kwa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za mbali.

Mchana wa siku iliyofuata stima zikapotea. Mvua ilikuwa nzito, jiko likawa na giza ingawa ilikuwa saa tisa. Friji iliguna mara moja, ikatetemeka, vikombe vikagongana, kisha ikanyamaza kabisa. Mama mkwe alitoka chumbani mbio, miguu mitupu. Alikumbatia friji kwa mikono miwili na kuweka sikio lake juu ya bati.

"Amenyamaza," alisema. "Mwanangu, amenyamaza. Umemfunga ndani na sasa amenyamaza."

Nilimshika mabega. Alikuwa akitetemeka kama ile friji ilivyokuwa ikitetemeka. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikapiga magoti mbele yake nikiwa nimeushika mkono wake, na kwa sababu ya lile giza, nadhani, au kwa sababu hapakuwa na mngurumo wowote wa kumsumbua, alinieleza.

Siku ya kumchukua mzee mochari, aliingia yeye na wifi yake kumvisha. Nje jua lilikuwa linachoma. Mhudumu alivuta kile kitanda cha bati, akamfunua. Mwanzo mzee alikuwa mkavu, mweusi, ametulia. Wakaanza kumvisha shati. Na walipokuwa wakihangaika na mkono wa kushoto, mama huyu aliinua macho akaona paji la uso wa mumewe limelowa. Matone madogo. Chini ya macho. Juu ya mdomo, pale ambapo siku zote mzee alitoka jasho akichonga.

"Nilimwambia mhudumu, huyu mtu anatoa jasho. Akanitoa nje. Nikamwambia pasta, akaniambia nimtegemee Mungu. Wifi yangu alisema ni uchungu unanionyesha vitu. Gari lilikuwa limewashwa tayari, watu wamepanda, wanaimba." Alivuta pumzi. "Maiti hatoi jasho, mwanangu. Mimi nimeosha maiti wengi kule nyumbani, sijaona hata mmoja. Tulimfukia mtu aliye hai."

Mvua ilikuwa ikipiga bati la nyumba za jirani.

"Ndiyo sababu nilikataa kaburi lijengewe saruji. Nilisema pesa hakuna. Si pesa. Niliogopa kumziba." Alinishika mkono kwa nguvu. "Mwanangu akirudi nitamwambia twende tukamfukue. Hata kama ni mifupa. Nataka kuona kama amelala vile tulivyomlaza."

Nilijua maana ya maneno hayo. Kufukua kaburi ni habari ya chifu na polisi, na ukoo mzima ungesimama upande mmoja na yeye upande mwingine. Nilimjua mume wangu pia. Angekataa, na mama yake angekwenda mwenyewe na jembe. Lakini kilichonitisha si hicho. Ni kwamba sikuweza kumwambia, Mama, umekosea. Mlango wa friji nilikuwa nimeuelewa kwa kuwa ni bati na raba. Uso wa mtu sikuuelewa. Nilimwona na mimi yule mzee, chini ya ule udongo mwekundu, amegeuka ubavu.

Stima zilirudi jioni. Hatukuzungumza tena jambo lile, na siku mbili tatu zilipita tukikwepana macho.

Kisha nikarudi mchana mmoja, nikafungua friji kutoa maziwa, na uso ukanitazama.

Ulikuwa kwenye rafu ya kati, kati ya pakiti za maziwa na bakuli la nyanya, mweusi, mdomo wazi kidogo, macho yamefumbwa nusu. Nilipiga ukelele ambao jirani aliusikia kupitia ukutani.

"Usimtoe," alisema mama mkwe nyuma yangu, sauti tulivu. "Bado hajapoa."

Nilishika tumbo langu. Ilinichukua muda kuona kwamba ni mti. Ni kichwa cha mtu mzee kilichochongwa kwa mpingo, kazi ya mumewe, moja ya zile ambazo mama mkwe alikuja nazo ndani ya mzigo wake kutoka kijijini. Aliking'arisha mwenyewe kwa rangi ya viatu. Mwanga wa taa ya friji ulikuwa ukiteleza juu ya mashavu yake.

"Mama, kwa nini?"

"Huyu hajawahi kuwa na roho," alisema. "Mzee alimtoa ndani ya gogo kule nyumbani, wakati wa likizo, mimi nikitazama. Nilimpa hata maji ya kunolea tezo yake ya kuchongea. Kama maiti wangu alitoa jasho kwa kuwa alikuwa hai, huyu hatatoa kitu. Nataka kuona. Wewe ulisema ni baridi inavuja. Sijakataa. Nataka kuona."

Wakati wote ule nilidhani akili yake inapotea, kumbe ilikuwa inafanya kazi.

Alikiacha ndani mpaka kesho yake. Niliporudi kutoka shuleni nilimkuta ameandaa kila kitu. Dirisha lilikuwa limefungwa. Stovu ilikuwa inawaka, sufuria mbili zinachemka bila vifuniko, na jiko lilikuwa na joto la kukaba koo. "Siku ile kulikuwa na joto," alinieleza. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Mezani alitandika kitambaa safi.

"Mtoe wewe," aliniambia. "Mimi mikono yangu ina joto, nitaharibu."

Nilikitoa kwa kukishika shingoni. Kilikuwa kizito na baridi kiasi cha kuuma vidole. Nilikisimamisha mezani, tukakaa kila mmoja upande wake.

Mwanzo hapakutokea kitu. Uso ulimeta tu. Nilisikia sufuria zikitokota, na nje mtoto akimlilia mama yake. Mama mkwe hakuwa akipepesa macho. Halafu ule mmeto ukaanza kufifia, kama kioo ukikipumulia, kuanzia puani kwenda mashavuni, mpaka uso wote ukawa wa kijivu kana kwamba umezeeka mbele yetu. Kisha, juu ya paji la uso, pakatokea tone. Sikuliona likija. Halikuwapo, na likawapo. Likatokea jingine. Chini ya macho. Juu ya mdomo. Yalinenepa taratibu, na moja likateremka kando ya pua, likazunguka mdomo, likaning'inia kidevuni.

Nilijua ni nini. Niliyajua mambo yote ya baridi na mvuke. Hata hivyo nilitaka kukimbia, maana kile kichwa kilikuwa hai kuliko mimi na yeye.

Mama mkwe alinyoosha kidole, akaligusa lile tone la kidevuni. Akalipeleka kwenye ulimi. Alifumba macho.

"Halina chumvi," alisema.

Akachukua la paji la uso, akaonja. La chini ya jicho.

"Jasho la mzee lilikuwa na chumvi. Nilifua mashati yake miaka yote. Hili ni maji." Alinigeukia, na uso wake ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu. "Ni maji tu, mwanangu. Ya hewani."

"Ni maji tu, Mama."

"Basi alikuwa amekwisha kwenda."

"Ndiyo."

"Alikuwa amekwenda zamani, kabla sijafika."

Kisha alilia. Msibani nilimwona amekauka macho, watu wakimsifu kwa imani yake. Sasa alilia mpaka jirani akaja kugonga. Nilimwambia jirani kupitia dirisha kwamba tuko salama, na akakubali kwenda. Nilizima stovu. Nilifungua dirisha. Sijui kama nilimpa amani au nilimwondolea tumaini, kwa sababu katika kile kilio vyote viwili vilikuwamo, na nilimshika tu mpaka akachoka. Mezani kile kichwa kilikuwa kinakauka. Hewa ilipoingia, matone yalipungua moja moja, mmeto ukarudi, na ukabaki mti.

Jioni alikula. Alinitaka nimpikie mayai.

Mume wangu aliporudi kutoka safari, alimkuta mama yake amekwisha kufunga mzigo. Mama hakumwambia habari za kufukua. Nami sikumwambia mpaka miaka mingi baadaye, naye hakuniamini. Alichomwambia ni kimoja:

"Nunua saruji. Twende tukamjengee baba yako."

Tulikwenda kwa lori, sisi watatu kiti cha mbele, mifuko nyuma. Mvua zilikuwa zimekatika na milima ya Machakos ilikuwa ya kijani mpaka juu. Mafundi, vijana wa ukoo, walikuwa wameshasomba mchanga na kokoto kando ya kaburi. Udongo ulikuwa umetitia katikati, nyasi zimeanza kuota. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Mmoja wa vijana akaingiza koleo kwenye mfuko wa saruji, na mama mkwe akainua mkono.

"Ngojeni kidogo. Nyamazeni."

Wakanyamaza. Alipiga magoti polepole, kama anayeomba, na watu wakainamisha vichwa. Lakini hakuomba. Aliinama mbele mpaka shavu likagusa udongo, akaweka sikio. Leso yake ya kichwani iliteleza, hakuirudisha. Alikaa vile muda mrefu. Nilijikuta nimezuia pumzi, nikisikiliza na mimi. Palikuwa na upepo kwenye mahindi, na mbali kabisa ng'ombe. Chini hapakuwa na kitu. Nilisikiliza kwa bidii mpaka masikio yakaanza kuvuma.

Aliinuka, udongo mwekundu umemshika shavuni. Mume wangu alitaka kumpangusa, mama akaukwepa mkono wake.

"Haya," aliwaambia vijana. "Changanyeni."